Jinsi ya kusoma umri wa kanisa la kijijini Uingereza kwa kutazama kuta zake

Kanisa la parokia katika kijiji cha Uingereza ni nadra kuwa jengo la wakati mmoja. Ukuta wa kaskazini waweza kuwa wa karne ya 11, safu ya nguzo ya karne ya 13, mnara wa karne ya 15 na paa la mwaka 1870. Kibao cha mlangoni kikisema "karne ya 12", kwa kawaida kinataja kipande kikongwe kuliko vyote kilichosalia, pengine tao moja tu la mlango. Kazi ni kuvitenganisha vipande hivyo na kuvipanga kwa zamu yake.

Wengi huanzia madirishani, na hapo ndipo wanapopotea. Ukuta ukiwa mzima, waashi wangeweza kung'oa dirisha la zamani, kupanua uwazi na kutia jipya la mtindo wa wakati wao bila kugusa kitu kingine. Kwa hiyo dirisha linakupa tarehe ya dirisha. Ukuta unaolizunguka unaweza kulizidi kwa miaka 300. Fuata mpangilio huu: kuta na kona zake kwanza, kisha matao na nguzo, halafu madirisha, na makaratasi mwisho kabisa. Ukianza na makaratasi utaona ukutani yale uliyokwisha kuyasoma.

Vifaa ni vichache: futikamba ya mita 30 na ndogo ya mita 5, dira, tochi kali, darubini ndogo, karatasi ya miraba, penseli na kamera. Tenga nusu siku. Chagua asubuhi au alasiri yenye jua la pembeni, kwa sababu mwanga unaopita ubavuni mwa ukuta huonyesha mishono ambayo jua la utosini huificha. Ukitaka kupanda mnarani au kuingia chumba cha kengele, omba ruhusa kwa wazee wa kanisa wanaotunza funguo. Sehemu nyingine kwa kawaida ziko wazi.

Mgawanyo wa jengo, na nani alilipa

Upande wa altare huelekea mashariki. Magharibi yake uko ukumbi wa waumini, na mara nyingi mnara umesimama mwishoni mwa ukumbi huo. Pembeni mwa ukumbi huweza kuwa na mbawa, moja au mbili, zilizotengwa nao kwa safu ya nguzo na matao. Mlango unaotumika kwa kawaida uko kusini, mbele yake pana kibaraza.

Kabla ya kupima chochote, jua kwamba tangu Enzi za Kati ukumbi ulitunzwa na wanaparokia, lakini sehemu ya altare ilikuwa juu ya mwenye haki ya kupokea zaka kuu: padri mwenyewe, au monasteri, au baadaye mtu binafsi aliyenunua mali ya monasteri. Ndiyo maana nusu mbili za kanisa moja hutofautiana sana. Kijiji kilitajirika kwa sufu kikajenga ukumbi mpana wenye madirisha makubwa, huku monasteri iliyo mbali ikiiacha sehemu ya altare ndogo na ya kale, kwa kuwa haikuona faida ya kuijenga upya. Mzigo huo haujafa. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule iliamua, katika shauri la Aston Cantlow huko Warwickshire, kwamba wenye shamba fulani wanawajibika kulipia matengenezo ya sehemu ya altare, kwa sababu wajibu ulifuatana na ardhi.

Zunguka nje mara mbili

Mzunguko wa kwanza ufanye kutoka ukingoni mwa makaburi, mbali. Chora umbo zima na uangalie mapaa. Tazama hasa uso wa mashariki wa mnara, juu ya paa la ukumbi. Mara nyingi utaona mstari wa mawe yaliyotokeza, umbo la V iliyopinduliwa, wenye mwinuko mkali kuliko paa la sasa. Hilo ni kovu la paa la zamani. Kuanzia karne ya 15 makanisa mengi yaliinua kuta za ukumbi, yakaweka safu ya madirisha ya juu na kuezeka paa lililolala kwa mabati ya risasi, ambayo hayahitaji mwinuko mkali kama makuti ya matete au vigae. Kovu hilo linakuambia mambo mawili kwa pamoja: mnara ulikuwapo kabla ya paa la sasa, na kuta za ukumbi wa zamani zilikuwa fupi kuliko za sasa.

Mzunguko wa pili ufanye karibu, ukishika ukuta. Unatafuta mishono ya wima. Fundi anayejenga kuta mbili kwa wakati mmoja hufungamanisha mawe yake. Anayeongeza ukuta kwenye uliopo huuegemeza tu, na mstari ulionyooka hubaki kutoka chini hadi juu. Ukuta ulioegemea ndio mdogo kwa umri. Andika kila mshono kwenye mchoro wako kwa mshale unaoelekea upande ulio mkubwa kwa umri.

Mahali penye thamani kuliko pote ni ukuta wa magharibi, pale ubawa unapokutana na ukumbi. Kabla mbawa hazijaongezwa, ukumbi ulikuwa na kona zake za nje, zilizojengwa kwa mawe makubwa. Mbawa zilipokuja, kona hizo zilimezwa ndani ya ukuta mrefu zaidi, lakini mawe yake hayakuondolewa. Ukiona safu ya wima ya mawe makubwa katikati ya ukuta wa mawe madogo, umeipata kona ya ukumbi wa kwanza. Pima upana kutoka kona moja hadi nyingine, nawe utakuwa na kipimo cha kanisa lilivyokuwa kabla ya kupanuliwa.

Mpangilio wa mawe ya kona nao husema. Jiwe refu lililosimamishwa, juu yake bapa lililolazwa, kisha refu tena, ni kazi ya Kisaksoni, kabla au karibu na mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza. Mnara wa Earls Barton huko Northamptonshire unaionyesha waziwazi, pamoja na vipande vyembamba vya mawe vilivyopambwa usoni mwake. Mawe yaliyopangwa kimshazari, safu moja kulia na inayofuata kushoto, yasikufanye uharakishe: Wasaksoni wa mwisho na Wanormani wa kwanza wote waliyatumia. Vivyo hivyo matofali na mawe ya Kirumi. Kanisa la Brixworth huko Northamptonshire limejaa matofali ya Kirumi, na Escomb huko County Durham limejengwa kwa mawe ya Kirumi, lakini yote mawili ni makanisa ya Kisaksoni. Waashi waliokota mawe mahali palipokuwa karibu.

Pima unene wa ukuta kwenye mlango au dirisha, si kwa kukisia. Ukuta chini ya sentimita 80 kwenye ukumbi mrefu na mwembamba unafaa kushukiwa kuwa wa Kisaksoni. Kati ya sentimita 90 na 120 ni unene wa kawaida wa Kinormani. Si sheria, ni dalili, na dalili moja haitoshi.

Viegemeo vya ukuta, yaani nguzo za mawe zinazoutegemeza kwa nje, vipime pia. Vya Kinormani ni vipana na bapa, vimetokeza kidogo tu, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa mnene. Katika karne ya 13 kuta zilipungua unene na viegemeo vikatokeza zaidi. Kiegemeo kilichowekwa kimshazari kwenye kona, kikigawa pembe mbili sawa, kwa kawaida ni cha karne ya 14 au baadaye. Lakini kiegemeo huongezwa ukuta unapoanza kuinama, kwa hiyo tafuta mshono kati yake na ukuta kabla ya kukitumia kama ushahidi.

Jambo moja kuhusu aina ya jiwe. Norfolk na Suffolk hazina mawe mazuri ya kuchonga. Huko kuta ni za gumegume, na mawe ya kona yaliletwa kutoka mbali kwa gharama. Huko ndiko iliko sehemu kubwa ya minara ya duara ya Uingereza, na maelezo ya kawaida ni kwamba mnara wa duara hauna kona za kununulia mawe. Wapo wanaoyapinga, kwa kuwa minara ya mraba ya gumegume nayo ipo tele.

Milango huhama

Mlango wa Kinormani ulikuwa fahari ya kijiji: tao la nusu duara, nakshi za meno ya msumeno, wakati mwingine vichwa vya wanyama na jiwe lililochongwa juu ya kizingiti. Kilpeck, Herefordshire, lina mlango wa namna hiyo wa karibu mwaka 1140, na Iffley karibu na Oxford lina mingine ya karne hiyohiyo. Kwa sababu ulithaminiwa, ukuta ulipobomolewa ili kuongeza ubawa, mlango ulifunguliwa jiwe kwa jiwe na kujengwa tena kwenye ukuta mpya. Utakuta mlango wa 1150 kwenye ukuta wa 1320. Kagua mawe ya tao: yakiwa hayalingani, nakshi zikikatika katikati, au jiwe la juu likiwa limekatwa kando ili litoshe, mlango huo ulihamishwa.

Mlango wa kaskazini uliozibwa una hadithi yake kwamba ulikuwa wa shetani kutokea mtoto anapobatizwa. Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba maandamano ya ibada yaliyoutumia yalikoma katika karne ya 16, na upepo wa kaskazini ukaendelea kuingia.

Kwenye ukuta wa kusini tafuta saa za jua zilizokwaruzwa: tundu dogo la kijiti na mistari inayotawanyika kutoka hapo. Ukiikuta ndani ya kibaraza ambako jua halifiki, kibaraza kiliongezwa baada yake. Ukiikuta upande wa kaskazini au imepinduliwa juu chini, jiwe lenyewe limetumika mara ya pili.

Ndani: matao na nguzo

Majina ya mitindo tunayotumia leo yalipangwa na msanifu majengo Thomas Rickman mwaka 1817. Kwa miaka ya kukadiria: Kinormani 1066 hadi 1190, Kiingereza cha Awali 1190 hadi 1250, mtindo wa Mapambo 1250 hadi 1350, mtindo wa Wima 1350 hadi 1540. Vijijini fundi angeweza kuchelewa kizazi kizima, kwa hiyo usiandike mwaka mmoja kamili kwa kuangalia umbo peke yake.

Nguzo za Kinormani ni nene, aghalabu za duara, na kichwa chake kina bamba la mraba juu. Tao ni nusu duara. Tao lenye ncha huanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 12, kwanza likiwa na nakshi za Kinormani bado. Nguzo ya pembe nane ndiyo inayowapoteza watu, kwani ilitumika kuanzia karne ya 13 hadi ya 15. Hiyo isome kwenye kichwa na kitako. Kitako chenye mfereji wa mviringo uliochimbwa kiasi cha kuweza kushika maji ni cha mwanzo wa karne ya 13. Vichwa vidogo vyembamba, na matao ambayo michirizi yake inashuka moja kwa moja hadi chini, ni vya Wima.

Inua macho juu ya safu ya matao. Ukuta ulio pale mara nyingi ni ukuta wa nje wa kanisa la kwanza, matao yakiwa yametobolewa ndani yake baadaye. Dirisha dogo la nusu duara lililokatwa na ncha ya tao ni ushahidi usiopingika: dirisha lilitangulia. Ubawa wa kaskazini mara nyingi uliongezwa kabla ya ule wa kusini, kwa kuwa watu walipenda kuzikwa kusini na makaburi yalikuwa yamejaa. Ongezeko hilo lilifuata idadi ya watu iliyokua hadi karibu mwaka 1300. Baada ya tauni kuu ya 1348 na 1349 baadhi ya mbawa zilibomolewa, na matao yake, yakiwa yamezibwa, unaweza kuyaona ukiwa nje.

Sasa madirisha

Dirisha la Kisaksoni mara nyingi limepanuka ndani na nje, sehemu nyembamba ikiwa katikati ya unene wa ukuta. La Kinormani limepanuka upande wa ndani tu. Karne ya 13 ilileta madirisha marefu membamba yenye ncha, moja moja au matatu pamoja. Yakawekwa pamoja chini ya tao moja, na nafasi ya juu ikatobolewa miduara. Huo ndio mwanzo wa nakshi za mawe za madirisha, zilizoenea kuanzia karibu 1250. Mistari yenye mkunjo wa S inaingia karibu 1300, na kuanzia 1320 utaona wavu wa matundu yanayofanana. Kipambo cha mpira mdogo ndani ya ua lenye petali tatu ni cha mwanzoni mwa karne ya 14, hasa Herefordshire na Gloucestershire. Katika mtindo wa Wima fito za mawe zinapanda wima hadi kugusa tao lenyewe, na tao limebonyea. Long Melford na Lavenham huko Suffolk, na Northleach huko Gloucestershire, yalijengwa hivyo kwa fedha za sufu na nguo. Long Melford limeandika majina ya waliotoa kwenye ukuta wa nje, kwa herufi za mawe na gumegume.

Makovu ya karne ya 16 na 17

Kijilango kilichoning'inia juu ukutani, karibu na tao la sehemu ya altare, kisichofika popote, ni mwisho wa ngazi za kupandia jukwaa la msalaba mkuu. Jukwaa hilo lilikaa juu ya kiambaza cha mbao na liliondolewa wakati wa Matengenezo ya kidini. Kiambaza cha chini mara nyingi kilibaki, nyuso za watakatifu zikiwa zimekwanguliwa. Mwaka 1643 na 1644 Mpuritani William Dowsing alipita Suffolk na Cambridgeshire akivunja picha na sanamu, na kumbukumbu zake za kila kanisa zimesalia; ukiwa huko linganisha alichoandika na kilichopo.

Kibakuli cha jiwe chenye tundu la maji kwenye ukuta wa kusini kinaonyesha palikuwa na altare karibu, hata kama leo pana kabati la vitabu. Kikiwa karibu na sakafu kiasi cha mtu kulazimika kupiga magoti kukifikia, sakafu ndiyo iliyoinuliwa, kwa kawaida katika karne ya 19. Tundu la kuchungulia lililotobolewa kimshazari kutoka kwenye ubawa lilielekezwa altareni. Weka jicho hapo: ukiona ukuta mtupu badala ya altare, sehemu ya altare ilirefushwa baadaye.

Birika la ubatizo lichunguze ukingoni. Vipande vilivyovunjika au risasi iliyoganda pande mbili zinazokabiliana ni alama za vyuma vya kufungia kifuniko, kwani maaskofu wa karne ya 13 waliagiza maji ya ubatizo yafungwe kwa kufuli.

Karne ya 19, mahali pa kuteleza

Makanisa mengi ya vijijini yalitengenezwa upya kati ya 1840 na 1900, na mafundi wa Malkia Victoria waliiga mitindo ya kale kwa ustadi mkubwa. Zima taa za ukuta, kisha shika tochi sambamba na jiwe ili mwanga ulale juu yake. Alama za shoka za mshazari, zisizo sawa, ni za karne ya 11 na 12. Michirizi ya wima ya patasi pana au ya meno huanza karibu 1200. Michirizi midogo iliyo sawasawa mno, na ukingo laini kuzunguka kila jiwe, ni ya karne ya 19. Kingo kali zisizo na mikwaruzo kwenye nguzo ambayo watu wanadaiwa kuigusa kwa miaka 600 zikutie shaka.

Kuta za ndani zenye mawe matupu huonekana za kale, na wageni huzipiga picha kwa furaha. Kanisa la Enzi za Kati lilipigwa lipu ya chokaa ndani na kuchorwa rangi. Mawe matupu ni kazi ya waliokwangua lipu hiyo, na picha zikaenda nayo. Kukwangua huko ndiko kulikomfanya msanii na mwandishi William Morris na wenzake waanzishe chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Lipu ya zamani ikibaki, itazame na usiiguse, maana rangi huanguka kwa mguso wa kidole.

Kosa la karne ya 20 ni saruji. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua kupitia mishono yake. Mishono ikijazwa saruji, maji hunaswa, hutokea kupitia jiwe lenyewe, na jiwe laini humomonyoka hadi saruji ikabaki imetokeza kama wavu. Liandike hilo kwenye taarifa yako, kwanza kwa faida ya jengo, pili kwa sababu saruji hufunika mishono ya wima uliyokuja kuitafuta.

Makaratasi

Sasa ndipo uende kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya ardhi na mali iliyoandikwa kwa amri ya mfalme, kikitaja padri, kanisa lilikuwapo. Kisipotaja, hujathibitisha chochote, kwani makanisa mengi hayakuorodheshwa. Makadirio ya kodi ya Papa ya 1291 na yale ya Mfalme Henry VIII ya 1535 yanaonyesha utajiri wa parokia na monasteri iliyoimiliki. Hesabu za wazee wa kanisa ndizo tamu zaidi, kwa sababu zinataja risasi, chokaa, misumari na ujira wa fundi kwa senti.

Rejesta za ubatizo, ndoa na mazishi ziliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, mwaka 1538, lakini nyingi zinaanzia 1558. Mwishoni mwa karne hiyo iliamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia Elizabeth I aliposhika ufalme mwaka 1558, na wengi wakaishia hapo. Kumbuka pia kwamba kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi: tarehe 10 Februari 1640 ya rejestani ni Februari 1641 kwa hesabu yetu. Kwa kazi za karne ya 19, tafuta vibali vya mabadiliko katika nyaraka za dayosisi. Mara nyingi mchoro wa "kabla" umeambatishwa.

Kuandika matokeo

Chora ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:100, ili ukumbi wa mita 20 uwe sentimita 20 kwenye karatasi. Pima kila chumba pande nne na ulalo mmoja angalau, kwani kuta za kale haziko pembe mraba na bila ulalo mchoro hautafunga. Paka kila awamu rangi yake. Panga awamu kwa zamu kwanza, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa kutumia mishono na mikato tu. Miaka iweke baadaye, na kando ya kila mwaka andika ushahidi wake. Sehemu isiyo na ushahidi iache bila rangi. Picha zipe namba na upande wa dira, kisha nakala moja wape wazee wa kanisa na nyingine hifadhi ya kaunti.